Nguvu Zetu Zatoka Wapi? Mitishamba, Vitamini na Pumziko la Bwana

Katika minada ya Mugumu na Tarime, kwenye stendi za Sirari na Nyamongo, na siku hizi hata kwenye baraza za nyumba zetu za ibada, zinauzwa dawa za kuondoa uchovu. Zipo za asili tunazozijua: unga wa majani ya mlonge, mwarobaini, tangawizi, asali, mizizi iliyochemshwa na kutiwa kwenye chupa za maji. Zipo pia za kisasa: vidonge vya vitamini, mikebe yenye picha ya mtu anayetabasamu, unga wa ginseng kutoka China na Korea, na ashwagandha kutoka India. Muuzaji hukuambia kwamba bidhaa yake inaongeza nguvu, inaondoa msongo wa mawazo, inaleta usingizi usiku na uchangamfu asubuhi. Mara nyingi mkebe mmoja ni wa bei ya mbuzi.

Waumini huuliza: je, Mkristo atumie vitu hivi? Majibu yanayozunguka katika sharika zetu ni mawili. La kwanza husema kwamba mwenye imani hahitaji dawa ya uchovu, kwa sababu Bwana ndiye nguvu zake, na kwamba kumeza kidonge ni kukiri kuwa maombi yameshindwa. La pili husema kwamba mimea yote imeumbwa na Mungu, kwa hiyo dawa ya mimea haiwezi kudhuru, nayo ni bora kuliko dawa za hospitali zilizotengenezwa na wanadamu. Mimi naona majibu yote mawili hayatoshi. Naona pia kwamba nyuma ya swali hili kuna swali jingine, zito zaidi, ambalo tunalikwepa.

Mwili si aibu

Tuanze na jibu la kwanza. Katika 1 Wafalme 19 tunamkuta nabii Eliya amelala chini ya mretemu jangwani, amechoka kiasi cha kuomba afe. Huyu ni mtu aliyetoka kuona moto wa Mungu ukishuka juu ya mlima Karmeli. Kama imani ingekuwa kinga ya uchovu, Eliya asingelala pale. Tazameni Mungu anachofanya. Malaika hamkemei, wala hamhubirii. Anamgusa na kumpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena, na malaika anamwamsha ale mara ya pili kwa sababu safari ni ndefu. Sauti ya utulivu inakuja baadaye, kule Horebu. Mungu alianza na tumbo na usingizi.

Isaya alipotumwa kwa mfalme Hezekia aliyekuwa mgonjwa, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (Isaya 38). Paulo, mtu wa maombi, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na udhaifu wake wa mara kwa mara (1 Timotheo 5:23). Wapo wanaopenda kumtaja mfalme Asa, ambaye katika ugonjwa wake hakumtafuta Bwana bali waganga (2 Nyakati 16). Lakini someni sura nzima. Asa alikuwa ameacha kumtegemea Bwana tangu vita, akamtia gerezani mwonaji aliyemwonya, akawaonea watu. Ugonjwa ulimkuta tayari ameshamwacha Mungu. Habari hii haimhukumu mama anayekwenda zahanati huku akiomba njiani.

Sisi Walutheri tuna ushahidi wa nyumbani pia. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Martin Luther alibaki mjini kuhudumia wagonjwa, kisha akamwandikia Johann Hess wa Breslau kuhusu kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni. Humo aliwaonya wale waliokataa dawa na tahadhari kwa kisingizio cha kumtumaini Mungu. Kwake yeye, huko kulikuwa kumjaribu Mungu, aliyeumba dawa na kutupa akili ili tuutunze mwili. Na katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapofafanua ombi la mkate wetu wa kila siku, anahesabu chini yake yote ambayo mwili unayahitaji. Anayemeza dawa kwa shukrani hajatoka nje ya Sala ya Bwana.

Mmea wa Mungu nao huua

Jibu la pili linapendwa zaidi, na kwa sababu hiyo ni la hatari zaidi. Kweli mimea imeumbwa na Mungu. Lakini sisi watu wa Tarime na Serengeti, kuliko wengine, tunapaswa kujua kwamba jambo haliishii hapo. Tumbaku ni mmea. Bangi ni mmea. Mirungi inayovushwa mpakani ni majani mabichi kabisa, nayo imeharibu vijana wetu wengi.

Tena upo mfano wa chakula chenyewe. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime ilipatwa na ugonjwa uitwao konzo. Watu waliokuwa wazima walipooza miguu ghafla, wengi wao wanawake na watoto, na kupooza huko hakuponi. Chanzo kilikuwa mihogo michungu. Mihogo hiyo ina sumu ya sianidi, ambayo huondoka ikiwa mihogo itaandaliwa kwa uangalifu na kwa muda wa kutosha. Njaa ilipobana, hatua zilifupishwa, na chakula kingine cha kusaidia mwili kupambana na sumu, kama maharage, samaki na maziwa, kilikuwa haba. Mmea uleule uliowalisha babu zetu uliwalemaza wajukuu wao kwa sababu uliandaliwa kwa haraka. Mungu alitupa muhogo, akatupa na akili ya bibi zetu waliojua namna ya kuuandaa. Anayepokea kimoja na kuacha kingine amepokea nusu ya zawadi.

Mitishamba nayo ni hivyo. Mti wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru, kwa sababu ni nguvu ileile. Ashwagandha, inayosifiwa kwa kutuliza mawazo, imehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watumiaji. Upo mmea wa Ulaya unaouzwa kama dawa ya huzuni, nao hupunguza kiwango cha baadhi ya ARV ndani ya damu. Katika nchi mbalimbali wachunguzi wamekuta unga unaoitwa wa asili tupu umechanganywa kwa siri na dawa za viwandani. Hata vitamini zina mpaka wake: vitamini C ikizidi hutoka kwa mkojo, lakini vitamini A ikizidi hukaa mwilini na kuwa sumu, hasa kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni.

Serikali yetu haikupuuza tiba hizi. Tangu mwaka 2002 tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na Baraza lake la kusajili waganga na dawa zao. Kuuliza kama dawa imesajiliwa si kuwadharau wazee wetu. Ni kumtendea mganga kama mtu wa taaluma anayewajibika kwa kazi yake.

Somo la Samunge

Hatuwezi kuzungumzia imani na mitishamba katika ukanda huu bila kutaja Samunge. Mwaka 2011, ng'ambo ya hifadhi ya Serengeti, katika eneo la Loliondo, mchungaji mstaafu wa kanisa letu, Ambilikile Masapila, aliyejulikana kote kama Babu, aligawa kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mizizi ya mti uitwao mugariga. Alidai shilingi 500 tu. Alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto, kwamba nguvu haikuwa katika mti bali katika neno la Mungu, na kwamba kikombe hufanya kazi kikitolewa kwa mkono wake, palepale Samunge. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi. Watu walitoka Kenya na mbali zaidi. Waliotoka upande wa Ziwa walipita Mugumu na kukatiza hifadhi. Wengine walifia njiani wakisubiri.

Mzee Masapila alifariki Julai 2021. Sitaki kumhukumu marehemu. Hakujenga kasri kwa shilingi 500, na wengi walioonja kikombe chake walirudi nyumbani na tumaini ambalo hawakuwa nalo kabla. Lakini wapo waliorudi wakaacha kumeza ARV, au dawa za kisukari, kwa kuamini kwamba wamepona. Serikali ilionya watu wasiache dawa zao. Wengine waliacha hata hivyo, na wapo waliokufa kwa ajili hiyo.

Kanisa linapaswa kujifunza nini? Kwanza, kwamba huruma haiondoi wajibu wa kupima. Mtu akisema amepona, tumshukuru Mungu pamoja naye, kisha tumpeleke akapimwe, kama vile Bwana Yesu alivyowaagiza wale wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani (Luka 17). Kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kukagua ngozi na kuthibitisha kwamba mtu ametakasika. Yesu hakuona uchunguzi huo kuwa tusi kwa muujiza wake. Pili, kwamba tumaini na hakikisho ni vitu viwili. Tumaini husema: Mungu yuko nami, napona nisipone. Hakikisho la muuzaji husema: kunywa, utapona. La kwanza ni Injili. La pili ni ahadi ya mwanadamu, nayo inapaswa kupimwa kama ahadi nyingine zote za wanadamu.

Nasema haya kwa sababu mikebe ya leo imechukua nafasi ya kikombe. Inauzwa kwa ushuhuda, na lugha ya ushuhuda wameitoa kanisani: nilikuwa nimefungwa, sasa niko huru. Muuzaji ni mwanakwaya mwenzetu, naye anapata kamisheni kwa kila anayemwingiza. Simlaumu kwa kutafuta riziki. Lakini madhabahu na vikundi vya Umoja wa Wanawake si soko. Mjane akinunua kwa sababu mama mchungaji amesimama kushuhudia, hajanunua dawa. Amenunua jina la kanisa.

Uchovu una majina

Kabla ya kununua nguvu, ni vizuri kujua zilikopotelea. Uchovu usioisha ni dalili, nayo ina mizizi mingi. Upungufu wa damu humfanya mama ahisi anapanda mlima hata akiwa kwenye uwanda. Malaria inayojirudia, minyoo na kichocho kwa wanaoishi karibu na ziwa hula damu polepole. Kifua kikuu huanza na uchovu na jasho la usiku, na waliofanya kazi kwenye vumbi la migodi wako hatarini zaidi. Kisukari huanza hivyo. Sonona nayo huanza hivyo: mtu anaamka amechoka, hana hamu ya chakula wala ya watu, na sisi tunamwita mvivu au tunasema amerogwa. Hakuna mkebe mmoja unaotibu yote haya. Mwenye kifua kikuu anayekunywa unga wa mizizi kwa miezi mitatu ameupa ugonjwa miezi mitatu, na amewapa wanawe hatari ya kuambukizwa.

Mahali ambapo vitamini na madini husaidia panajulikana, na mara nyingi ni bure. Mama mjamzito hupewa kliniki vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone ya vitamini A. Kwa sisi wengine, mengi tunayoyatafuta kwenye mkebe yako jikoni: uji wa wimbi, mgagani na mchicha, dagaa wa ziwani, maharage, maziwa, mlonge ulioota nyuma ya nyumba. Yamkini tunayadharau kwa sababu hayana picha ya mtu anayetabasamu.

Maksai hufunguliwa

Sasa nifike kwenye swali nililosema tunalikwepa. Tuseme mtu amepimwa, hana ugonjwa, anakula vizuri, na bado amechoka. Anahitaji nini?

Kundi la mimea kama ginseng na ashwagandha lina jina la kitaalamu: adaptojeni, yaani kinachousaidia mwili kujirekebisha na kustahimili shida. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1947 na mtaalamu wa dawa wa Urusi ya Kisovieti, Nikolai Lazarev, na Israel Brekhman akaendeleza utafiti wake. Vita Kuu ilikuwa imekwisha karibuni, na nchi ilitaka askari, wafanyakazi na wanamichezo waweze kubeba zaidi na kuchelewa kuchoka. Sisemi kwamba mimea hiyo haina faida. Ipo iliyoonyesha faida kiasi, ingawa mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisema jina hilo halifai kutumika kama neno la kitabibu. Ninachotaka tuone ni lile swali lililoizaa dawa. Liliulizwa: tufanye nini ili mtu abebe zaidi? Halikuuliza: kwa nini mzigo ni mkubwa hivi?

Swali hilo tunalikuta katika Kutoka 5. Waisraeli walipoomba ruhusa ya kwenda kumwabudu Mungu wao, Farao aliwanyima majani ya kutengenezea matofali na kuacha hesabu ya matofali ileile. Akawaita wavivu. Kama Farao angekuwa na mkebe wa kuongeza nguvu, angewagawia bure. Mungu hakuwapa nguvu ya kufyatua matofali zaidi, aliwatoa. Na alipowapa Sabato, katika Kumbukumbu la Torati 5, aliagiza kwamba mtumwa na mjakazi wapumzike pamoja na bwana wao, na ng'ombe na punda pia, kwa sababu wao wenyewe walikuwa watumwa Misri.

Sisi tunalima kwa maksai na plau. Kila mkulima anajua kwamba jua likipanda, maksai hufunguliwa nira, huenda kunywa maji na kula majani. Hakuna anayewanywesha maksai mizizi ili walime hadi jioni. Angeonekana mjinga, tena mkatili. Maksai akilazimishwa hufa, na mali imepotea.

Je, mama aliyekuwa akiongoza maksai hao hufunguliwa lini? Wakifunguliwa wao, yeye huenda kuchota maji, kisha kuni, kisha kusaga, kupika, kuogesha watoto, kukamua. Jioni mumewe yuko barazani. Usiku mtoto analia. Siku moja mama huyo anamwambia mchungaji wake kwamba anajisikia kuchoka hata rohoni, naye anauliza kama ni dhambi kununua ule unga wa mkebe. Tukimjibu kuhusu unga tu, tumemkimbia. Uchovu wake una dawa, na sehemu ya dawa hiyo iko katika mikono ya mumewe. Mwanamume anayemnunulia mke mkebe wa bei ya mbuzi lakini haonekani na ndoo ya maji, eti watu watamcheka, ametoa pesa ili asitoe mabega.

Wanaume nao wana nira zao. Kijana wa Kikurya, mura, hafundishwi kusema amechoka. Kwa hiyo anakesha mashimoni Nyamongo kwa mirungi, au anaendesha bodaboda ya mkopo kwa vinywaji vya kuchangamsha, hadi siku anapolala barabarani. Sisi watumishi wa kanisa nasi tunajisifu kwamba hatuna likizo, kana kwamba Bwana hakuwaambia wanafunzi wake waende mahali pasipo watu wakapumzike kidogo (Marko 6:31). Zaburi ya 127 inaitazama kazi ya kuamka mapema na kuchelewa kulala, chakula chake kikiwa taabu, na kuiita bure, kwa sababu Mungu huwapa wapenzi wake hata wakiwa usingizini. Kulala ni kukiri imani. Anayelala anasema kwamba dunia ina Mungu, na huyo Mungu si yeye.

Kwa asiyeweza kupumzika

Najua kuna atakayesema: Mchungaji, mimi ni mjane, nina watoto watano, nikipumzika, hawali. Hilo ni pingamizi la haki, na mstari wa Biblia pekee haulijibu. Sabato haikutolewa kwa mtu mmoja mmoja. Ilitolewa kwa taifa zima, ili pumziko la mnyonge lilindwe na wote. Kwa mjane huyo, usharika ndio wenye deni. Tunajua kukusanya nguvu za pamoja wakati wa kupalilia, kuvuna na kuzika. Jumuiya ya nyumba kwa nyumba inaweza kumlimia ekari moja Jumamosi moja. Vijana wa kwaya wanaweza kumchotea maji kwa zamu. Bwana alipowaita wenye kulemewa na mizigo, aliwaahidi nira iliyo laini (Mathayo 11), na nira hufungwa shingo mbili. Katika dunia hii shingo ile ya pili, mara nyingi, ni ya ndugu wa usharika.

Basi, mpendwa, ukitaka kutumia mitishamba au vitamini, una uhuru katika Kristo. Pimwa kwanza. Usiache dawa ya hospitali bila kumwambia daktari, wala usimfiche mitishamba unayokunywa. Uliza kama imesajiliwa, na kama anayekusifia anapata kitu ukinunua. Omba kabla ya kumeza, kama unavyoomba kabla ya kula. Kisha tazama nyumbani mwako ni nani ambaye hajafunguliwa nira tangu asubuhi, ukamfungue leo kabla jua halijatua.